Kutoka Ubongo wa Panya hadi Mvua za Mbale: Kazi ya Steven Schiff

Hii ni hotuba niliyoitoa mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, mbele ya wanafunzi wa uuguzi, walimu wa sayansi, wazazi na viongozi wa mitaa. Wengi walizuiwa na mvua wasifike, wakaomba niiweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Waheshimiwa viongozi wetu, walimu wenzangu, wauguzi, kina mama na kina baba, na ninyi wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni: hamjambo? Karibuni sana. Waliosimama nyuma wasogee, hapa mbele bado kuna mabenchi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanafunzi wa uuguzi ni hili: mwalimu, milinganyo hii itanifaa nini wodini? Ni swali la haki. Mtu anayejiandaa kuosha vidonda, kupima joto la mtoto na kumtuliza mama yake saa nane za usiku ana haki ya kuuliza kwa nini anasumbuliwa na herufi x na y. Leo nitalijibu kwa kazi ya mtu mmoja ambaye milinganyo yake ilianzia kwenye ubongo wa panya huko Marekani, ikaja kufika kwenye mvua inayotunyeshea sisi, hapa Mbale na nchi yote inayotuzunguka hadi Ziwa Kyoga.

Mtu huyo ni Steven Schiff. Ni daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto. Kwa miaka mingi alikuwa Chuo Kikuu cha Penn State, ambako aliongoza kituo cha uhandisi wa neva, kisha akahamia Yale. Ni daktari anayeshika kisu, na ni mwanasayansi anayeandika ubongo kwa lugha ya hesabu. Watu wa namna hiyo ni wachache duniani. Wauguzi waliofanya kazi katika hospitali ya CURE iliyoko mji wetu huu wanamjua, maana sehemu kubwa ya utafiti wake imefanyika pale.

Kwanza nieleze kwa ufupi hesabu za ubongo ni nini. Mwaka 1952 Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walichapisha milinganyo inayoeleza jinsi neva inavyopitisha umeme. Walikuwa wamepima neva nene ya ngisi, nene kiasi cha kuingiza waya ndani yake. Sodiamu inaingia, potasiamu inatoka, na mlinganyo unakwambia umeme utapanda lini na kushuka lini. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Tangu hapo watu wamejiuliza: ikiwa neva moja inaandikika, je, neva mabilioni? Je, ubongo wenye kifafa unaandikika? Na ukishaandikika, unaweza kuuongoza?

Hilo neno la mwisho, kuuongoza, ndilo lililomshika Schiff.

Mwaka 1994 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo bado linajadiliwa. Walichukua kipande chembamba cha ubongo wa panya, kutoka sehemu inayohusika na kumbukumbu, wakakiweka kwenye maji ya chumvi yenye hewa ya oksijeni ili kiendelee kuishi. Wakaongeza potasiamu. Kipande kile kikaanza kufyatua umeme kwa mafungu, fungu baada ya fungu, kwa mwendo usio na mpangilio, mfano wa kile kinachoonekana katikati ya vipindi vya kifafa. Sasa hebu fikirini: ungekuwa wewe, ungefanya nini? Wengi tungepiga umeme mkubwa tukizime. Wao hawakufanya hivyo. Walikaa wakitazama muda kati ya fungu na fungu, wakingoja ile nukta ambapo mwendo ule unakaribia kutulia wenyewe, ndipo wakagusa. Mguso mdogo wa umeme, kwa wakati wake. Mwendo ukawa wa mpangilio. Wakageuza kanuni ile ile, mwendo ukavurugika zaidi. Kwa hiyo waliweza kuupanga na waliweza kuupangua. Njia hiyo ya hesabu walikuwa wameikuta kwa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Maryland, Ott, Grebogi na Yorke, walioichapisha mwaka 1990 bila kuwaza ubongo hata kidogo.

Je, dunia ilikubali? Haikukubali kirahisi. Mwaka 1995 watafiti wawili, Christini na Collins, walionyesha kwa kompyuta kwamba mbinu ile ile inaweza kuonekana inafanya kazi hata kwenye neva ya kubuni ambayo mwendo wake ni kelele tupu. Kwa hiyo mafanikio ya 1994 peke yake hayakutosha kuthibitisha kwamba ubongo ule una mwendo wa aina waliyodai, yaani vurugu yenye kanuni iliyojificha ndani yake. Wanafunzi, hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Mara nyingi tunadhani mwanasayansi mwenye ushawishi ni yule ambaye hakuna aliyempinga. Ninavyoona mimi, jaribio la 1994 lilikuwa na ushawishi kwa sababu lilipingika. Lilisema jambo wazi, kwa vipimo wazi, mtu mwingine akaweza kulishika na kulipima. Na kundi la Schiff lenyewe lilirudi kwenye swali hilo mara nyingi katika miaka iliyofuata, likitafuta zana bora zaidi. Kufika mwaka 2001 walikuwa wanasoma umeme wa kipande cha ubongo na papo hapo kurekebisha uga wa umeme unaokizunguka, ili kupunguza mafyatuko ya kifafa.

Kati ya zana walizozipata, ipo moja ambayo lazima niieleze taratibu, maana ndiyo itakayotuleta Uganda.

Daktari anapoweka waya kwenye ubongo anasikia seli chache tu. Mabilioni mengine hayasikii. Atajuaje hali ya ubongo mzima? Mwaka 1960 mhandisi Rudolf Kálmán, mzaliwa wa Hungaria, alichapisha njia ya kukisia hali ya kitu usichoweza kukiona chote. Unaanza na mlinganyo unaosema kitu hicho kinapaswa kwenda vipi. Kisha unapokea kipimo, nacho kipimo kina makosa yake. Hesabu ya Kálmán inakwambia uuamini utabiri wako kwa kiasi gani na kipimo kwa kiasi gani. Unarekebisha, unatabiri tena, unapima tena, unarekebisha tena. Wamarekani waliitumia kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Watabiri wa hali ya hewa wanatumia njia za ukoo huo huo kila siku. Mwaka 2008 Schiff na mwanahisabati Timothy Sauer waliionyesha ikifanya kazi kwenye modeli ya gamba la ubongo: unapima pachache, unakisia pote, unaongoza. Schiff akaandika kitabu kizima juu ya kuoanisha uhandisi wa udhibiti na sayansi ya neva, kikatoka mwaka 2012. Wahandisi wakaanza kusoma habari za neva, na watu wa neva wakaanza kusoma uhandisi.

Na mwaka 2014, pamoja na Yina Wei na Ghanim Ullah, alirudi kwenye milinganyo ya Hodgkin na Huxley na kuiongezea mambo ambayo neva ya ngisi haikuyahitaji: oksijeni inayopungua, potasiamu inayojikusanya nje ya seli, seli yenyewe inayovimba. Matokeo yake, mlinganyo mmoja ukaeleza seli ikiwa mzima, seli ikiwa kwenye kifafa, na lile wimbi la ukimya linalosambaa kwenye ubongo ulioumia. Mambo matatu yaliyokuwa yakifundishwa mbalimbali yakaonekana ni hali tatu za seli ile ile. Miaka karibu 30 kabla ya hapo, katika Chuo Kikuu cha Duke, Schiff kijana alikuwa amefanya kazi na George Somjen, mtu aliyechunguza kwa kina hayo mawimbi na upungufu wa oksijeni. Swali la ujanani lilikuja kupata mlinganyo wake uzeeni.

Sasa tuje kwetu.

Mwaka 2000 daktari mwingine Mmarekani, Benjamin Warf, alihamia Uganda na familia yake, na hospitali ya watoto ya CURE ikaanza hapa Mbale. Walioletwa kwake kwa wingi walikuwa watoto wenye kichwa kikubwa. Kina mama mnaujua ugonjwa huu. Mtoto anazaliwa mzima, kichwa cha kawaida kabisa. Wiki ya pili au ya tatu anapata homa, anakataa ziwa, pengine anapata degedege. Anapewa dawa, homa inashuka, nyumbani watu wanamshukuru Mungu. Halafu kidogo kidogo utosi unaanza kujaa. Unaweka mkono pale ambapo pangepaswa kuwa laini na kubonyea, unakuta pamevimba na kukaza. Mishipa ya kichwani inajitokeza chini ya ngozi. Macho yanaelekea chini, weupe unaonekana juu ya mboni. Muuguzi anazungusha futi kamba kichwani, anaandika, na wiki ijayo namba imepanda tena.

Kilichotokea ni kwamba maji ya ubongo, yanayotengenezwa kila saa na kupaswa kutoka, yamezibiwa njia. Tiba ya siku zote ilikuwa kuweka mpira unaoshusha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mpira unaokoa maisha, nasema wazi. Lakini mpira unaziba. Na ukiziba usiku, kwa mtoto anayeishi mbali na barabara ya lami, mto umefurika na bodaboda haipiti, nini kitatokea? Warf alilitazama jambo hilo, akatumia kamera ndogo kuingia ndani ya vyumba vya ubongo, akatoboa tundu la kupitisha maji, na kuchoma tishu inayoyatengeneza. Mtoto akarudi nyumbani bila mpira. Njia hiyo iliyokomaa Mbale sasa inatumika hata Marekani kwenyewe.

Warf alichapisha mwaka 2005 jambo lililomvuta Schiff: katika watoto 300 aliowaona hapa, kiasi cha asilimia 60 walikuwa wamepata kichwa kikubwa baada ya maambukizi, na wengi wao waliambukizwa katika mwezi wa kwanza wa maisha. Kwa nchi za Ulaya hilo ni geni. Kule sababu kubwa ni watoto njiti wanaovuja damu kwenye ubongo, au kasoro za kuzaliwa.

Schiff alikuja na maswali mawili. La kwanza lilikuwa la mtu wa vipimo: tukisema mtoto amepona, tunapima nini? Madaktari walikuwa wakitazama maji. Maji yakipungua kwenye picha, wanafurahi. Schiff na wenzake wakapima ubongo wenyewe, ujazo wake, na kuulinganisha na jinsi mtoto anavyokua kiakili. Walikuta ujazo wa ubongo ndio unaokwenda na akili ya mtoto. Wingi wa maji hausemi mengi. Kisha, mwaka 2017, jarida la tiba la New England lilichapisha jaribio la watoto 100 hapa Mbale, likiongozwa na Abhaya Kulkarni wa Toronto akiwa pamoja na Schiff, Warf na Waganda kina Edith Mbabazi-Kabachelor na John Mugamba. Nusu hivi ya watoto waliwekewa mpira, wengine wakafanyiwa upasuaji wa kamera. Baada ya miezi 12 hakukuonekana tofauti kati ya makundi hayo mawili, wala katika akili wala katika ujazo wa ubongo.

Kina mama waliohofu kwamba mtoto asiye na mpira amepunjwa, wamepata jibu. Lakini yapo matokeo mengine ndani ya jaribio lile ambayo hayakupigiwa tarumbeta, nami nayaona mazito zaidi. Katika makundi yote mawili, ubongo wa watoto hawa ulibaki mdogo kuliko wa watoto wenzao. Upasuaji mzuri kuliko wote, kwa mikono mizuri kuliko yote, unamkuta mtoto akiwa ameshaumizwa na maambukizi. Kwa hiyo ukitaka kuokoa akili ya mtoto huyu, ni lazima uende nyuma ya upasuaji. Nyuma ya kichwa kikubwa kuna homa. Nyuma ya homa kuna kijidudu. Nyuma ya kijidudu kuna nini?

Hilo ndilo swali la pili, na hapo ndipo nataka kukaa.

Kijidudu gani? Maabara zilichukua maji ya ubongo ya watoto hawa na kujaribu kuotesha bakteria. Mara nyingi hakuna kilichoota. Karatasi za majibu zilirudi zimeandikwa hakuna kitu, mtoto mmoja baada ya mwingine. Wauguzi hapa mnajua uchungu wa karatasi hiyo: mtoto ni mgonjwa mbele yako, na majibu yanasema hakuna kitu. Kundi la Schiff likaacha kuotesha, likatafuta mabaki ya vinasaba. Mwaka 2011 walichapisha kwamba mabaki ya bakteria yapo, na kwamba aina zake zinabadilika kati ya walioambukizwa kiangazi na walioambukizwa wakati wa mvua. Walikwenda pia vijijini, majumbani kwa watoto, wakachukua sampuli za mazingira. Fikirini daktari wa upasuaji wa ubongo ameinama ndani ya nyumba ya udongo, sakafu imesiribwa kwa samadi ya ng'ombe kama tunavyosiriba sote, anakwangua na kutia kwenye kichupa.

Kiangazi na masika. Mtu mwingine angeandika sentensi moja mwishoni mwa makala na kwenda zake. Schiff alikuwa na rafiki yake Sauer, yule yule wa hesabu za Kálmán, na walikuwa wamezoea zana za watu wa hali ya hewa. Wakachukua rekodi za karibu watoto 700 waliotibiwa Mbale. Kila mtoto ana kijiji, na kila mtoto ana wakati alipougua. Tarehe ya kufika hospitali haisaidii, maana kichwa kinachukua wiki au miezi kukua. Ilibidi kurudi nyuma hadi wakati wa homa. Halafu wakachukua takwimu za mvua kutoka setilaiti za Marekani, wakauliza: mtoto huyu alipougua, pale kijijini kwao mvua ilikuwaje?

Mngetegemea jibu gani? Mimi ningesema mvua ikizidi, ugonjwa unazidi. Au ningesema kiangazi, vumbi. Vyote viwili sivyo. Makala yao ya mwaka 2012 ilionyesha maambukizi yanapanda mvua ikiwa ya wastani. Ardhi ikikauka sana yanashuka, na mvua kubwa ikinyesha yanashuka pia. Katikati, wakati udongo una unyevu wa kutosha lakini haujaoshwa, hapo ndipo hatari ilipo. Na kwa kuwa sisi mvua zetu ni mbili kwa mwaka, hali hiyo ya katikati tunaipita mara kadhaa, zinapoanza na zinapoisha.

Katika makala zake zote, hii ndiyo ninayoiweka juu. Najua wanasayansi wenzake wengi wangechagua ya 1994 au ya 2014, na nawaelewa. Lakini tazameni kilichofanyika. Mtu aliyejifunza kukisia hali ya ubongo mzima kutokana na seli chache alitumia macho yale yale kukisia hali ya nchi nzima kutokana na watoto wachache waliofika hospitali. Hakubadilisha kazi. Alifuata swali kama mtu anayefuata mto Manafwa kutoka bondeni kupanda mlima Elgon, kwenda kuona maji yanachafukia wapi.

Mvua inasema wapi na lini. Haisemi nani. Hilo lilichukua miaka mingine minane. Mwaka 2020 kundi kubwa, la hapa Mbale, la Mbarara magharibi mwa nchi na la vyuo kadhaa vya Marekani, lilichapisha uchunguzi wa watoto 100: 64 waliopata kichwa kikubwa baada ya maambukizi na 36 ambao chao hakikutokana na maambukizi. Walisoma vinasaba vyote vilivyomo kwenye maji ya ubongo, vya bakteria, vya virusi, vya kuvu. Bakteria mmoja akajitokeza kwa wale 64: Paenibacillus. Nani hapa alikuwa amemsikia? Jamii hiyo ilijulikana zaidi kwa watu wa udongo, na kwa wafugaji nyuki, maana ndugu yake mmoja anaua viluwiluwi vya nyuki mizingani. Hakuna aliyekuwa akimtafuta kwenye ubongo wa mtoto. Walipomjua, waliweza kumwotesha katika chupa maalumu zisizo na oksijeni. Panya waliodungwa aina hii iliyotoka kwa watoto wetu walikufa. Waliodungwa aina ya kawaida ya maabara hawakufa. Na aina hii imeingia katika vitabu vya sayansi kwa jina la mji wetu: Mbale.

Naona wengine mnatikisa vichwa. Si jina la sifa, najua. Lakini kwa mama aliyeambiwa na majirani kwamba mtoto wake amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe alivunja mwiko akiwa mjamzito, jina hilo lina maana kubwa. Hakurogwa mtu. Hakuna mwiko uliovunjwa. Ni bakteria, ana umbo, ana vinasaba, anaonekana kwenye darubini. Wachungaji, masheikh na wazee wa koo mliomo humu, nawaomba mlifikishe hilo kwenye mimbari na kwenye vikao vyenu, maana kuna kina mama walioachwa na waume zao kwa sababu ya uongo huo.

Mwaka 2023 kazi zilizofuata zilionyesha mambo mawili zaidi. Kati ya watoto wachanga waliolazwa kwa maambukizi ya damu Mbale na Mbarara, takriban asilimia 6 walikuwa na bakteria huyu. Na watoto wenye kichwa kikubwa kilicholetwa na bakteria huyu wamejikusanya zaidi kwenye ukanda wa Ziwa Kyoga, kaskazini na kusini ya ziwa, kwenye mabwawa na vinamasi vyake. Jinsi anavyotoka huko hadi kumfikia mtoto mchanga bado inatafutwa.

Mmeona sasa tunakokwenda? Mtoto mwenye homa akifika kituo cha afya leo, tunampa dawa ile ile awe ametoka mlimani Bududa au kando ya ziwa, iwe Februari au Oktoba. Schiff anadai tunaweza kufanya vizuri zaidi: kijiji cha mtoto, mwezi wa mwaka na mvua ya wiki zilizopita viingie kwenye hesabu, na hesabu imwambie mhudumu ni kijidudu gani kinachoelekea zaidi kuwa mbele yake. Ni Kálmán yule yule: tabiri, pima, rekebisha. Taasisi za afya za Marekani zilimpa tuzo mwaka 2015 na tena mwaka 2018 ili afuatilie njia hii.

Nimetaja tuzo, zipo nyingine nyingi na sitazisoma. Ushawishi wa msomi watu huuhesabu kwa mara ngapi wengine wametaja makala zake. Hesabu hiyo ina maana yake. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu hutazama wanafunzi.

Mmoja wa waliosoma kwake Penn State ni Mganda, Johnes Obungoloch, mhandisi wa vifaa tiba wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Kumpiga mtoto picha ya ubongo kwa mashine ya MRI ya kawaida kunahitaji sumaku kubwa ya tesla 1.5 au zaidi (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), heliamu ya kuipoza, umeme usiokatika na pesa ambazo hospitali zetu nyingi hazina. Obungoloch na wenzake waliuliza: kama ninachotaka kujua ni ubongo uko wapi na maji yako wapi, nahitaji sumaku kubwa hivyo? Mwaka 2022, pamoja na wataalamu wa Leiden nchini Uholanzi, waliunganisha mashine hapo hapo Mbarara. Vifaa vilikuja kama vipande. Sumaku ndogo ndogo, nyingi, zimepangwa kwenye duara ndani ya mwili wa mashine, kila moja imeelekezwa upande wake, zote pamoja zikitoa uga wa tesla 0.05. Ni sehemu moja ya 30 ya mashine ya hospitali kubwa. Haihitaji heliamu. Picha yake haina ung'avu wa ile ya bei kubwa, na kinachoisaidia kusomeka ni nini? Hesabu. Ni hesabu zinazopembua ishara na kelele.

Na aliyeiunganisha akiwa Mbarara anaweza kuitengeneza akiwa Mbarara. Hospitali ngapi zetu zina mashine nzuri ya msaada imefunikwa turubai kwa sababu kipuri chake kiko ng'ambo?

Ombi langu kwa wanafunzi ni moja, nalisema kwa moyo wote. Someni makala hizi mtazame mpangilio wa majina. Majina ya Waganda yamo, na yanaongezeka. Lakini mara nyingi jina la kwanza na la mwisho bado ni la mtu wa ng'ambo. Simlaumu Schiff, amefanya kazi na watu wetu na kuwafundisha. Nasema tu kwamba mtoto wa Pallisa anayejua kinamasi kinaanza wapi na kuishia wapi, anayejua mama zake husiriba nyumba mwezi gani, ana ujuzi ambao setilaiti haina. Akiongeza hesabu juu yake, nani atamshinda? Wakunga na wauguzi, ninyi nanyi: andikeni kijiji. Andikeni tarehe homa ilipoanza. Kwenye rejista nyingi nilizoonyeshwa nafasi ya kijiji imeachwa wazi au imeandikwa wilaya tu. Makala ile ya mvua isingeandikwa kama watu wa Mbale wasingeandika vijiji.

Kila mwaka duniani watoto kiasi cha 400,000 wanapata ugonjwa huu, na Afrika imebeba mzigo mkubwa. Mvua za mwaka huu zimeshaanza, nanyi mmezipita mkija. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa chini ya mwezi mmoja, akichemka mwili au akikataa ziwa, usingoje kesho wala usianzie dukani. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na homa ikishapona, mrudishe mtoto apimwe kichwa kwa futi kamba miezi inayofuata, hata kama anacheka na kunyonya vizuri.

Sasa ni wakati wa maswali. Ya hesabu nitayajibu mimi, na ya wodini yatajibiwa na dada zetu wauguzi walioketi hapa mbele. Tunaanza na mama pale nyuma aliyeinua mkono tangu nilipotaja Kyoga. Karibu, mama.